Matibabu ya Kiwewe Hayahitaji Kitanda

Hotuba kwa walimu, wazazi na wahudumu wa afya ya jamii, Mombasa

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wazazi, wahudumu wa afya ya jamii, mashekhe na wachungaji mlioitikia mwaliko huu: Assalamu alaikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika miaka yangu ya kuwahudumia watu waliopatwa na kiwewe, sijaona maelezo mafupi ya ugonjwa huu yanayoishinda methali hiyo. Nyoka amekwenda zake zamani na kidonda kimefunga, lakini mwili haujapata habari kwamba hatari imepita, na kipande cha ukuti kilichoanguka njiani kinatosha kuupeleka moyo mbio, kutoa jasho viganjani na kumrudisha mtu kwenye siku ile ile aliyodhani ameiacha nyuma. Madaktari wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu rasmi katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980. Watu wa pwani hii walikuwa wameshautia katika methali.

Jina lake la kitaalamu ni msongo wa baada ya kiwewe. Hatusemi kwamba mtu anao kwa sababu tu ya kulia, kukosa usingizi au kushtuka katika siku za mwanzo baada ya ajali, uvamizi, kubakwa au kumwona mwenzake akiuawa. Hayo ni maumivu ya kawaida ya binadamu, na wengi huyashinda wakiwa na ndugu na majirani zao. Tunaanza kuuita ugonjwa pale dalili zinapodumu zaidi ya mwezi mmoja na kumzuia mtu kuishi maisha yake. Tukio humjia bila kuitwa, mchana kama picha na usiku kama jinamizi. Hukwepa mahali, watu, harufu na mazungumzo yanayomkumbusha. Hujilaumu, huona dunia nzima haina usalama, hupoa hata kwa wale anaowapenda. Na mwili wake hukaa macho kama mlinzi ambaye hajapokewa zamu.

Tuna sababu ya kulijua jambo hili hapa Kenya. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, na watu 213 wakafariki. Daktari Frank Njenga na wenzake waliwahoji kwa dodoso zaidi ya Wakenya 2,800 walioguswa na mlipuko huo katika miezi ya mwanzo, wakakuta kwamba takriban 35 katika kila 100 walikuwa na dalili zinazokaribia vigezo vya ugonjwa huu. Tangu hapo tumepitia shambulio la Kikambala mwaka 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na mashambulio ya Mpeketoni mwaka 2014 na Garissa mwaka 2015. Hata hivyo, naomba msidhani kwamba ninazungumzia watu wa mabomu peke yao. Wengi ninaowaona wanatoka katika ajali za barabarani, katika nyumba ambamo mtu alipigwa miaka mingi, na katika vyumba ambamo mtoto alifanyiwa jambo na mtu aliyemwita mjomba.

Nimekuja kwa sababu ya jambo moja. Nchi yetu ilijifunza kufikiria maradhi ya akili kwa kufikiria kitanda. Mathari, kule Nairobi, ilifanywa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1910, na tangu siku za ukoloni mtu anaposikia habari ya kutibiwa akili, picha inayomjia ni ya geti, ukuta na wodi. Ndiyo maana mama akiambiwa kwamba binti yake anahitaji kuonwa, jambo la kwanza analouliza ni, “Mtamlaza?” Jibu langu, karibu kila mara, ni hapana. Ugonjwa huu hutibiwa vizuri zaidi mgonjwa akilala kwake, akienda shuleni au kazini kwake, na kuja kuonana na mtu aliyefunzwa mara moja kwa wiki, kwa saa moja au saa moja na nusu, kwa majuma ambayo yanaweza kuhesabiwa kwa vidole vya mikono na miguu. Mazingira yake ya kila siku ni sehemu ya dawa yenyewe, kwa maana kile anachokiogopa hakimo ndani ya wodi. Kiko stejini, sokoni, na kwenye kona ya njia ya kwenda nyumbani.

Nitawaeleza kijana mmoja, ingawa nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Alikuwa na miaka 16, kidato cha tatu. Matatu aliyopanda usiku kwenye barabara ya Malindi iligongana na lori, na mzee aliyeketi kando yake akafariki papo hapo. Yeye alitoka na jeraha la mkono, likashonwa, likapona. Miezi mitano baadaye alikuwa akiamka saa kumi za usiku kutembea hadi shuleni kwa sababu hangeweza kukanyaga ngazi ya matatu, na kwa kuwa mara nyingi alichelewa, aliadhibiwa. Alipopigana na mwanafunzi aliyegonga dawati kwa nyuma, shule ilimwita mtukutu, na nyumbani walishaanza kusema kwamba ameingia kwenye muguka. Hakuna hata mmoja wetu, sisi watu wazima, aliyeunganisha kuchelewa kule, ngumi ile na usiku ule wa ajali. Yeye mwenyewe hakuunganisha, kwa sababu alitumia nguvu zake zote kutoufikiria.

Matibabu aliyoyapata hukabili kumbukumbu badala ya kuikimbia, na msingi wake uliwekwa na mwanasaikolojia Edna Foa wa Marekani. Kwa kawaida huchukua vikao kati ya 8 na 15. Vikao viwili vya mwanzo hatukugusa ajali kwa undani. Tulimweleza ugonjwa unavyofanya kazi, tukamfundisha kupumua polepole, tukaandika pamoja orodha ya vitu anavyovikwepa, kila kimoja kikipewa alama kuanzia 0 hadi 100 kulingana na hofu yake. Kusimama ng'ambo ya barabara na kuangalia stejini aliupa 35. Kuketi ndani ya matatu iliyozimwa injini aliupa 60. Kusafiri usiku kwenye kiti cha dirishani aliupa 100, na kalamu ikamwanguka alipokuwa akiandika.

Kuanzia kikao cha tatu alifumba macho akaisimulia ajali tangu mwanzo hadi mwisho kana kwamba inatokea wakati ule, kisha akarudia, na tena akarudia, sauti ikirekodiwa kwenye simu yake ili aisikilize nyumbani kila siku. Siku ya kwanza alitetemeka hadi kiti kikalia sakafuni. Nakiri kwamba hakuna sehemu ya kazi hii inayoniumiza kama hiyo, na najua wazazi huuliza kwa nini tunamtonesha mtoto kidonda. Tunafanya hivyo kwa sababu hofu inayokimbiwa hukua, lakini hofu inayokaliwa kwa muda wa kutosha, mahali salama, hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe, na mwili hujifunza kwamba kukumbuka nyoka si kuumwa na nyoka. Mwishoni mwa siku ile ya kwanza alisema hofu iko 90. Baada ya wiki tatu za kusikiliza sauti yake mwenyewe, alikuja akasema jana aliichoka.

Ndipo likatoka lile lililokuwa chini kabisa. Yeye ndiye aliyemwomba yule mzee wabadilishane viti, kwa sababu alitaka dirishani. Mzee alimpisha akitabasamu. Kwa miezi mitano kijana huyu aliamini kwamba ameua mtu, na hakumwambia yeyote. Ningeweza kumjibu haraka kwamba si kosa lake, na angeitikia kwa heshima akaondoka na mzigo wake. Nilimwuliza badala yake: ulipoomba kile kiti, ulikuwa unajua nini? Alifikiri kwa muda mrefu, akajibu, “Nilijua kuna joto.” Tulikaa na jibu hilo dakika kadhaa bila kusema kitu.

Wakati huo huo alikuwa anapanda ngazi ya ile orodha. Mama yake alikwenda naye kwenye kituo cha mafuta ambako matatu za mtaa huoshwa, na dereva mmoja aliyeelezwa machache tu akawaacha wakae ndani ya gari tupu nusu saa. Wiki iliyofuata alisafiri kituo kimoja mchana, akashuka, akarudi kwa miguu. Kikao cha 11 kilikuwa cha mwisho. Alifika kwa matatu, jioni, akiwa ameketi dirishani. Anaendelea kumkumbuka yule mzee, na wala si nia yetu kwamba amsahau.

Njia si hiyo moja. Patricia Resick alibuni tiba ya vikao 12 inayoshughulika zaidi na yale mawazo mtu aliyonaswa nayo, kama lile la kiti. Ipo tiba ya kuongoza macho ya mgonjwa yafuate kidole kinachosogea huku na huku wakati akiwa ameishika kumbukumbu, ambayo Francine Shapiro aliianza miaka ya 1980 na imethibitika kusaidia. Ile iliyozoeleka zaidi kwa watu waliopatwa na majanga mengi katika maisha, kama wakimbizi, ni tiba ya simulizi: kamba hulazwa sakafuni iwe maisha ya mtu tangu kuzaliwa, naye huweka ua pale palipokuwa na heri na jiwe pale palipotokea shari. Nimeona mwanamke wa makamo akiishika kamba ile, akaweka mawe sita mfululizo bila ua hata moja, kisha akasita, akarudi nyuma akaweka ua dogo katikati ya jiwe la tatu na la nne, akasema hapo ndipo alipozaliwa mwanawe. Katika vikao vinavyofuata husimulia jiwe kwa jiwe kwa mpangilio wa miaka, mshauri huandika, wiki inayofuata humsomea na kusahihishwa, na mwishoni mgonjwa hukabidhiwa maisha yake yakiwa kwenye karatasi.

Sasa nisikilizwe hapa na ndugu zetu wa kaunti, kwa kuwa hoja ninayoisikia kila mwaka ni kwamba wataalamu hawatoshi. Ni kweli hawatoshi. Lakini katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, Frank Neuner na wenzake waliwafunza wakimbizi wenyewe, watu ambao hawakuwa na shahada ya saikolojia, wakawatibu wenzao katika utafiti ulioshirikisha Wanyarwanda na Wasomali 277. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliopata tiba ya simulizi, asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa. Waliopata ushauri wa kiwewe wa aina nyingine, asilimia 65. Waliofuatiliwa tu bila tiba, asilimia 37. Tazameni jinsi namba mbili za kwanza zinavyokaribiana. Kwangu mimi zinasema kwamba kubishana juu ya njia ipi ina jina kubwa ni anasa, ilhali tofauti kubwa iko kati ya aliyepata mtu wa kumtibu na aliyeachwa.

Huko Kivu Kusini, upande wa mashariki wa Kongo, tiba ya Resick ilipelekwa vijijini kwa wanawake waliobakwa, ikitolewa kwa vikundi na washauri wa pale pale, ikarekebishwa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za ugonjwa wa huzuni au wasiwasi katika vikundi walikuwa asilimia 9, dhidi ya asilimia 42 kwa wale waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, na matokeo ya msongo wa baada ya kiwewe yalifanana na hayo. Vita vilikuwa havijakoma kuwazunguka. Na hapa kwetu, katika Bungoma, na kwa jirani zetu Moshi, watoto yatima 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 walishirikishwa katika utafiti wa tiba kama hiyo iliyotolewa kwa vikundi na watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Neno la kukazia ni kusimamiwa. Kumfunza mtu wiki kadhaa kisha kumwacha peke yake na machozi ya watu ni kumdhulumu yeye na mgonjwa.

Kuhusu vijana, lipo jambo ambalo wazazi hawalipendi, nami nitalisema. Mzazi ni sehemu ya tiba ya kijana wake. Katika tiba zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto na vijana, tunakaa na mzazi peke yake sehemu ya kila kikao, tukimwelekeza namna ya kumjibu mwanawe akiamka kwa jinamizi, na karibu na mwisho kijana, akiwa tayari, humsomea mzazi simulizi yake. Lakini mpaka siku hiyo, kilichosemwa chumbani hubaki chumbani, isipokuwa kama uhai wa kijana au wa mtu mwingine uko hatarini, au kama kuna mtu anayeendelea kumdhuru. Mzazi anayemsubiri mlangoni na kumwuliza njia nzima “umewaambia nini?” anaibomoa kazi ya saa nzima kabla hawajafika nyumbani. Mwulize kama ana njaa.

Walimu nao nawaomba watazame upya wale watoro, wenye hasira na wanaosinzia darasani. Ugonjwa huu kwa kijana mara nyingi hauji na machozi. Huja na alama zinazoporomoka, na uzembe wa maisha unaoonekana kama ujeuri.

Nigusie dawa. Zipo dawa za kutibu huzuni ambazo husaidia katika ugonjwa huu kwa watu wazima; sertraline na paroxetine ndizo zilizoidhinishwa rasmi Marekani kwa kazi hiyo. Huchukua majuma kadhaa kufanya kazi na haziachwi ghafla. Kwa watoto na vijana, tiba ya mazungumzo ndiyo hutangulia. Ninachokihofia ni vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi, vya jamii ya diazepam. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2013 lilishauri visitolewe kwa ajili ya dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Hata hivyo nilipokea mlinzi wa usiku aliyekuwa akivimeza kila siku kwa miaka minne tangu wezi walipomfunga kamba na kumuua mwenzake mbele yake. Aliandikiwa mara ya kwanza, kisha akawa ananunua dukani. Hakuna aliyewahi kumwuliza kilichotokea usiku ule. Tulimpunguzia kidogo kidogo kwa miezi mingi chini ya uangalizi wa daktari, maana kuviacha mara moja ni hatari, na ndipo tiba yenyewe ikaweza kuanza.

Si kila mtu wa kutibiwa akienda na kurudi. Anayepanga kujiua, aliyepotewa na fahamu za mambo yalivyo, asiyeweza kujilisha wala kujitunza, huyo anahitaji kulindwa kwanza, na hapo kitanda kina kazi yake. Vilevile, anayerudi kila jioni kwenye nyumba ya mtu anayempiga hatufundishi mwili wake kwamba hatari imekwisha, kwa sababu haijaisha. Kwake tunaanza na chifu, polisi, mwanasheria, au chumba cha shangazi.

Mashekhe na wachungaji, nyinyi mnawaona watu hawa kabla yetu. Hatumwambii mtu aache dua, na wengi wanaopona wanasema sala ndiyo iliyowafikisha kikao cha mwisho. Ombi langu ni kwamba mtu akija kwenu akisema anaota damu kila usiku tangu siku fulani, mwombeeni, kisha mwulizeni juu ya siku hiyo fulani, na mwelekezeni kwetu asubuhi inayofuata.

Kikosi kazi cha serikali kuhusu afya ya akili kilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali yetu itangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho yanayozipa kaunti wajibu wa huduma hizi katika jamii. Sheria tunayo. Leo siombi jengo. Naomba chumba kimoja chenye mlango unaofungika katika kila kituo cha afya, alasiri mbili kwa wiki, baada ya saa tisa ili mwanafunzi asikose masomo wala kibarua asipoteze siku. Wauguzi wawili waliofunzwa, na msimamizi wa kuwasikiliza kila wiki. Na nauli ya matatu kwa wasio nayo, kwa kuwa wanaoacha tiba katikati, wengi hawakuacha kwa kukata tamaa bali kwa kukosa shilingi za kwenda na kurudi.

Na naomba jambo moja lisilogharimu chochote. Niliwahi kusimama kwenye foleni ya kituo kimoja ambapo karani wa dirishani alimwita msichana kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabenchi ya nyuma: “Wewe wa akili, pita huku!” Msichana hakupita. Alitazama chini, akafunga mtandio wake vizuri, akatoka nje kupitia geti, na kadi yake ikabaki pale dirishani. Kadi ya miadi isiandikwe ugonjwa. Iandikwe siku, saa na namba ya chumba, na karani amwelekeze mtu kwa kusoma namba hiyo tu, kama anavyomwelekeza aliyekuja kupimwa presha.